Picha ya Jenerali Chennault

Usiku wa tarehe 9 Machi 1945, Wajapani waliwageuka Wafaransa wa Indochina. Kwa karibu miaka mitano walikuwa wameishi nao chini ya paa moja: Ufaransa ya Vichy ilibaki na bendera yake, mahakama zake na kodi zake, na Japani ikapata viwanja vya ndege, bandari na mchele. Usiku ule ushirika huo ulikwisha. Kambi za Wafaransa zilizingirwa, Gavana Mkuu, Admirali Jean Decoux, akatiwa nguvuni Saigon, na maafisa wake wakasombwa kwenda vizuizini.

Wamarekani waliokuwa Kunming, kusini mwa China, walipata hasara ya namna nyingine. Habari zao za Indochina zilikuwa zikiletwa na mtandao ulioitwa GBT, kwa herufi za majina ya raia watatu waliouendesha: Laurence Gordon, Harry Bernard na Frank Tan. Watatu hao waliijua nchi ile tangu kabla ya vita na walikuwa na marafiki Wafaransa kila mahali, wakiwatumia taarifa za mawingu, za treni, za meli bandarini na za kambi za Wajapani. Marubani wa Jenerali Claire Chennault walitegemea taarifa hizo kila waliporuka. Marafiki walipokamatwa, redio zikanyamaza.

Kuanzia hapo shida ilikuwa moja: nani ataona na kusema, ikiwa Mfaransa hawezi tena? Jibu lilikuwa mbele ya macho ya kila mtu, nalo ni wenyeji. Lakini wenyeji waliojipanga vizuri kuliko wote walikuwa wafuasi wa harakati ya kimapinduzi iliyotaka kuwafukuza Wafaransa, na Wafaransa walikuwa washirika wa Marekani. Sura hii inahusu maafisa wachache wa OSS, shirika la ujasusi la Marekani la wakati wa vita, waliovuka mstari huo kwa sababu kazi iliwalazimu. Naiandika nikiamini kwamba walitimiza wajibu wao vizuri kuliko serikali iliyowatuma.

Wa kwanza ni Luteni Charles Fenn. Alizaliwa Uingereza, akawa mwandishi wa habari, kisha akaingia kikosi cha Marine cha Marekani na OSS. Kazi yake Kunming ilikuwa kuwaunganisha wakubwa wake na GBT. Alisikia habari za mzee mmoja wa Kivietnam aliyefika mjini baada ya watu wake kumwokoa rubani wa Marekani, Luteni Rudolph Shaw, ambaye ndege yake ilianguka karibu na Cao Bang mwishoni mwa 1944. Watu hao walimficha Shaw, wakamvusha milima usiku usiku mbele ya doria, hadi akafika China salama. Mzee hakudai fedha. Alichotaka ni kuonana na Chennault.

Fenn alikutana naye tarehe 17 Machi. Alimkuta mtu mwembamba wa miaka kama 55, mwenye ndevu chache kidevuni, anayejiita Ho. Fenn alimuuliza waziwazi kama kundi lake, Viet Minh, ni la kikomunisti. Ho alijibu kwamba Wafaransa humwita mkomunisti kila Mvietnam anayetaka uhuru. Ni jibu la mtu mwerevu, kwa sababu halikuwa uongo na halikuwa ukweli wote. Mzee yule ndiye Nguyen Ai Quoc, aliyepeleka madai ya watu wake kwenye mkutano wa amani wa Versailles mwaka 1919, aliyekuwapo Tours mwaka 1920 wakati chama cha kikomunisti cha Ufaransa kinazaliwa, aliyefanya kazi Moscow, na aliyeunganisha wakomunisti wa nchi yake kuwa chama kimoja mwaka 1930. Viet Minh yenyewe ilikuwa na umri wa miaka minne tu. Iliundwa Pac Bo, kwenye mpaka wa China, Mei 1941, kama muungano wa kila aliyetaka kumwondoa Mjapani na Mfaransa.

Walielewana upesi. Fenn angetoa redio, mtu wa kuifundisha na kiasi kidogo cha silaha na dawa. Ho angetoa watu, njia za msituni, habari za Wajapani na ulinzi kwa marubani watakaoanguka. Akapewa jina la siri, Lucius. Kwa mtazamo wa OSS, lilikuwa jambo la kawaida: kumpata mtu, kumpa kifaa, kungoja taarifa.

Ho alikuwa anahesabu jingine. Aliomba tena kuonana na jenerali, na Fenn akakubali kwa sharti kwamba asiombe chochote, wala silaha wala ahadi. Tarehe 29 Machi aliingizwa ofisini kwa Chennault. Jenerali alimshukuru kwa ajili ya rubani. Ho akajibu kwamba atafurahi kuwasaidia Wamarekani wakati wowote, hasa watu wa jenerali, wakazungumza kidogo habari za kikosi cha wale marubani wa kujitolea ambacho Chennault alikiongoza China mwanzoni mwa vita. Muda ulipokwisha, mgeni akasema ana ombi moja dogo: picha ya jenerali. Chennault alipenda sana kugawa picha zake. Jalada likaletwa, Ho akachagua moja, akaomba itiwe sahihi, na Chennault akaandika maneno ya heshima ambayo mtu huandika mwishoni mwa barua yoyote ile. Kisha Ho alimwomba Fenn bastola sita aina ya Colt, mpya, zikiwa bado kwenye vifungashio vyake.

Msomaji ajiulize bastola sita zingefanya nini dhidi ya jeshi la Japani. Hazikuwa za Wajapani. Kule mpakani palikuwa na makundi mengine ya wazalendo, baadhi yakilelewa na serikali ya China ya Chiang Kai-shek, na kila kiongozi alidai kwamba wakubwa wa dunia wanamtambua yeye. Ho aliporudi msituni akifuatana na Frank Tan na mpiga redio Mac Shin, aliwaita viongozi hao, akaonyesha picha yenye sahihi, akagawa bastola moja moja. Bishano likaisha. Harakati iliyokuwa na watu wachache wenye mikuki na bunduki za kuokoteza sasa ilionekana kuwa na Marekani nyuma yake, na jambo hilo lilitimia kabla Marekani yenyewe haijaamua lolote.

Huku Kunming, mwezi Aprili, dawati la Indochina la OSS lilikabidhiwa Kapteni Archimedes Patti, kijana wa New York mwenye asili ya Kitaliano. Patti alisoma majalada, akajua kwamba Wafaransa wanamtambulisha Ho kuwa Nguyen Ai Quoc, na mwishoni mwa mwezi akasafiri hadi mji mdogo wa mpakani kumwona kwa macho yake. Hakudanganyika kuhusu siasa za mwenyeji wake. Alipima tu nani anaweza kumpa habari za Jeshi la 38 la Japani lililokuwa Indochina, na kila alipopima jibu lilikuwa lilelile. Wafaransa waliokimbilia China walitaka silaha kwa ajili ya kurudi katika makoloni yao, nao Viet Minh walikuwa tayari wameshaingia vijijini.

Vijijini huko watu walikuwa wanakufa njaa. Kati ya mwisho wa 1944 na katikati ya 1945, Tonkin, yaani kaskazini ya Vietnam, ilipatwa na njaa iliyoua mamia ya maelfu ya watu kwa makadirio ya chini, na milioni 2 kwa hesabu ya Viet Minh. Mashamba ya mpunga yalikuwa yamegeuzwa kuwa ya juti na mazao ya mafuta kwa matakwa ya Wajapani, mchele ulichukuliwa kwa nguvu, mabomu ya Marekani yalikata reli iliyoleta chakula kutoka kusini, na mafuriko na vimbunga vikamalizia. Viet Minh waliwaongoza wanakijiji kuvunja maghala. Patti alipewa picha za maiti barabarani, akazipeleka kwa wakubwa. Afisa yeyote aliyetaka kujua kwa nini mkulima anamfuata Ho badala ya mwingine angepata jibu hapo bila kusoma kitabu chochote cha siasa.

Tarehe 16 Julai, kundi la OSS lililoitwa Deer liliruka kwa miavuli juu ya kijiji cha Tan Trao, ngome ya Viet Minh msituni. Kiongozi alikuwa Meja Allison Thomas. Pamoja naye walikuwamo mpiga redio William Zielski na Henry Prunier, kijana wa Massachusetts aliyesomeshwa Kivietnam na jeshi kule Berkeley. Baadhi yao walinasa mitini. Waliposhushwa na kuongozwa hadi kijijini walikuta lango la mianzi na kitambaa kilichoandikwa kwa Kiingereza kuwakaribisha marafiki wa Marekani. Ng'ombe alichinjwa. Katika kundi lao alikuwamo afisa mmoja wa Kifaransa aliyevaa sare ya Kimarekani, naye alitambuliwa upesi. Wenyeji walisema kwamba Wamarekani watakaribishwa hata wakija wengi kiasi gani, lakini Mfaransa hapana, na wakamsindikiza hadi mpakani bila kumdhuru.

Siku ya pili tu Thomas alituma taarifa Kunming akisema wasiwasi wa ukomunisti uwekwe kando: Viet Minh si wakomunisti, wanachotaka ni uhuru na mabadiliko dhidi ya ukali wa Wafaransa. Alikosea kuhusu uongozi. Kuhusu kilichowaunganisha watu wa vijiji vile hakukosea. Luteni René Défourneaux, aliyefika baadaye akiwa na jina la bandia kwa sababu alizaliwa Ufaransa, aliwatazama wenyeji kwa shaka zaidi. Ni jambo jema kwamba walitofautiana: timu ya ujasusi ambayo watu wake wote wanaona kitu kimoja haimsaidii aliyeituma.

Kundi la pili la watu wa Deer liliposhuka mwishoni mwa Julai lilimkuta Ho ndani ya kibanda, amelala, anatetemeka kwa homa, amebaki mifupa. Paul Hoagland, mganga wa kikosi, alimpima, akaona dalili za malaria na kuhara damu, akampa kwinini na vidonge vya salfa. Wavietnam nao walimleta mganga wa kienyeji kutoka milimani aliyechoma mzizi na kuutia katika uji wa mchele. Ipi iliyomponya watu wanabishana hadi leo. Vo Nguyen Giap, kamanda wa Ho aliyekuwa akimkesha, alisimulia kwamba usiku ule mzee aliamini anakufa, na alichosema kilihusu kazi iliyobaki tu: wakati umefika, uhuru upatikane hata kwa gharama kubwa kiasi gani.

Baada ya hapo mafunzo yakaanza. Vijana kama mia moja walikusanywa, wakaitwa Jeshi la Wavietnam na Wamarekani, na kwa siku chache za Agosti wakafundishwa kutumia bunduki aina ya carbine, bazuka, mota na mabomu ya mkono. Uwanja wa mazoezi ulikuwa ardhi iliyofyekwa msituni. Giap, mwalimu wa historia ambaye hajapata kusoma chuo chochote cha kijeshi, alikuwa akitazama na kuuliza maswali. Alimuuliza Prunier kwa nini bomu la mkono lirushwe kwa mkono ulionyooka. Miaka hamsini baadaye, mwaka 1995, maveterani wa Deer walipokwenda Hanoi, Jenerali Giap, aliyewashinda Wafaransa Dien Bien Phu, alimtambua Prunier, akachukua chungwa, akaonyesha mbele ya watu jinsi alivyofundishwa.

Lazima tuseme hapa jambo ambalo vitabu vya pande zote mbili hupenda kulikuza au kulificha. Silaha zile zilikuwa chache. Hazikuleta mapinduzi ya Agosti ya Viet Minh, na anayesema kwamba Marekani ndiyo iliyoiumba Viet Minh hajui hesabu. Japani ilijisalimisha tarehe 15 Agosti, siku chache baada ya mafunzo kuanza. Wakubwa wa Thomas walimkataza kuwapokea Wajapani wanaojisalimisha, lakini aliandamana na kikosi cha Giap hadi Thai Nguyen, ambako ngome ya Wajapani ilizingirwa. Wakati huo Hanoi ilikuwa tayari mikononi mwa Viet Minh, tangu tarehe 19, kwa nguvu ya umati uliojaza mitaa.

Kilicholetwa na OSS kilikuwa kuonekana. Tarehe 22 Agosti Patti alitua Hanoi, na siku chache baadaye Giap alifika na ujumbe kwenye nyumba aliyokaa, ukiwa na bendi iliyopiga wimbo wa taifa wa Marekani. Ho alimwita kula naye chakula. Kisha akamwita tena, akamsomea kupitia mkalimani hotuba aliyokuwa akiiandaa. Patti alisikiliza, akashtuka kutambua maneno ya Tamko la Uhuru la Marekani la 1776. Akauliza kama kweli anakusudia kuyatumia, na mwenyeji akamrudishia swali: je, asiyatumie? Ho alikuwa ameyafanyia kazi mapema. Huko msituni alimuuliza afisa mwingine Mmarekani, Phelan, kuhusu maneno ya Tamko hilo, na Phelan alikiri baadaye kwamba mzee aliyajua kuliko yeye.

Tarehe 2 Septemba, katika uwanja wa Ba Dinh, maneno hayo yalisomwa mbele ya maelfu ya watu. Maafisa wa OSS walikuwamo uwanjani. Umati ulikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba nchi ya maneno yale imesimama upande wao.

Haikuwa hivyo. Rais Roosevelt, aliyetaka Indochina isirudishwe kwa Ufaransa bali iwekwe chini ya udhamini, alikuwa amefariki tarehe 12 Aprili. Katika mkutano wa San Francisco mwezi uliofuata, Wafaransa walihakikishiwa kwamba Marekani haijawahi kupinga haki yao juu ya Indochina. Hofu ya Washington ilikuwa Ulaya: Ufaransa iliyofedheheka ingeweza kuangukia mikononi mwa wakomunisti wa Paris. Ripoti kutoka Tan Trao na Hanoi zilipokelewa, zikapigwa mhuri, zikawekwa. Hakuna aliyemjulisha Ho, wala aliyewaeleza vizuri maafisa waliokuwa wakila naye.

Kusini mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mkutano wa Potsdam uliigawa Vietnam kwenye mstari wa nyuzi 16: Wachina wapokee silaha za Wajapani kaskazini, Waingereza kusini. Saigon ikaangukia kwa Jenerali Douglas Gracey na Divisheni yake ya 20 ya India. Wanajeshi hao walikuwa wametoka Burma, katika Jeshi la 14, jeshi lilelile ambamo vijana wa Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasaland wa Keya, yaani King's African Rifles, walipigana wakiwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Askari wa koloni moja waliishinda Japani, kisha wenzao wakatumwa kuirudisha koloni nyingine kwa mwenyewe. Watu wetu wangeweza kupewa amri hiyo hiyo.

Mkuu wa OSS mjini Saigon alikuwa Luteni Kanali Peter Dewey, mwenye miaka 28, mtoto wa mbunge wa zamani wa Marekani, anayezungumza Kifaransa kwa ufasaha. Alizungumza na Viet Minh kama kazi yake ilivyomtaka, na Gracey alichukizwa. Tarehe 23 Septemba Wafaransa, kwa msaada wa Waingereza, waliteka majengo ya serikali, na damu ikaanza kumwagika mitaani. Dewey akaandika kwamba kusini inaungua, kwamba Wafaransa na Waingereza wamekwisha pale, na kwamba Marekani inapaswa kuondoka Kusini Mashariki mwa Asia. Gracey aliamuru aondoke nchini. Alikuwa pia amemkatalia kupeperusha bendera ya Marekani kwenye gari lake, akisema haki hiyo ni ya kamanda peke yake.

Tarehe 26 Septemba ndege ya Dewey ilichelewa. Akageuza jipu kurudi kula chakula cha mchana, akiendesha mwenyewe, Kapteni Herbert Bluechel pembeni yake. Kwenye kizuizi cha magogo alipaza sauti kwa Kifaransa. Waliokuwa nyuma ya kizuizi walisikia Mfaransa, wakafyatua bunduki ya rashasha. Dewey alikufa papo hapo. Bluechel alikimbia huku risasi zikimfuata, akanusurika. Ho alituma rambirambi. Mwili haukupatikana.

Siku sita kabla ya kifo hicho, Rais Truman alikuwa ameshatia sahihi amri ya kuivunja OSS kuanzia tarehe 1 Oktoba. Patti alifungasha, akaagana na Ho jioni ya mwisho ya Septemba, akaondoka. Katika miezi iliyofuata Ho alimwandikia Truman barua na simu za maandishi, ya mwisho ikiwa Februari 1946, akiomba Marekani iunge mkono uhuru wa nchi yake. Hakujibiwa hata moja. Novemba mwaka ule Wafaransa waliipiga Haiphong kwa mizinga, na mwezi Desemba vita vikaanza. Kufikia 1954 sehemu kubwa ya gharama za Ufaransa katika vita hivyo ilikuwa ikilipwa na Marekani.

Wapo wanaosema kwamba jibu moja kwa barua zile lingemfanya Ho kuwa rafiki wa Magharibi. Siamini hivyo. Mtu aliyetumikia Moscow miaka yote ile asingebadilika kwa karatasi. Ninachoamini ni kwamba afisa wa ujasusi hutumwa ili serikali isiamue ikiwa kipofu. Thomas alilala katika kijiji chao, Hoagland alishika paji la uso la kiongozi wao, Patti alisikia tamko lao kabla halijatangazwa, Dewey aliandika onyo lililotimia. Walikosea hapa na pale, na Ho aliwatumia kama wao walivyomtumia. Lakini walijua jambo moja ambalo wakubwa wao hawakutaka kulijua: watu wale hawangekubali tena Mfaransa, iwe kwa Marx au bila Marx. Wakubwa walikuwa na habari hiyo mezani, na kosa la kuiacha ni lao.

Patti alipotaka kuyaandika haya katika miaka ya 1950, jeshi lilimzuia. Kitabu chake kilitoka mwaka 1980. Ripoti za kikosi cha Deer zilitolewa hadharani kupitia vikao vya Kamati ya Mambo ya Nje ya Seneti vya mwaka 1972. Kufikia mwaka huo zaidi ya Wamarekani 50,000 walikuwa wameshakufa Vietnam, na Wavietnam waliokufa walihesabiwa kwa mamilioni.